Niko Tinbergen: Msomi aliyetaka kujua shakwe anatambua nini

Na Mwandishi Wetu

MAMIA ya shakwe wanapotua kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya Uholanzi ili kutaga, kwa macho ya binadamu wote ni sawa. Kifua cheupe, mgongo wa kijivu, mdomo wa njano wenye doa jekundu karibu na ncha. Lakini kila mmoja hurudi kwenye kiota chake, huitambua sauti ya mwenza wake katikati ya kelele za wenzake, na baada ya siku chache huweza kumtofautisha mwanawe na wa jirani.

Ndege huyo hutambua nini hasa, na kwa kutumia alama gani? Swali hilo lilimfanya Nikolaas Tinbergen, aliyejulikana zaidi kwa jina la Niko, atumie sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amejibanza ndani ya kibanda kidogo cha turubai, darubini mkononi, upepo wa bahari ukimpiga. Majibu aliyoyapata yalichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na yalibadili namna wasomi wanavyowatazama wanyama.

Mtoto asiyependa darasa

Tinbergen alizaliwa Aprili 15, 1907 katika jiji la The Hague, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake, Dirk Tinbergen, alikuwa mwalimu wa lugha ya Kidachi, na mama yake, Jeannette van Eek, naye aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa familia ya vitabu. Kaka yake mkubwa, Jan, alikuja kuwa mchumi mashuhuri na mwaka 1969 akawa mmoja wa watu wawili wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Niko hakufanana na kaka yake darasani. Alisoma kiasi cha kumwezesha kufaulu tu, na muda uliobaki aliutumia kucheza mpira wa magongo, kutembea ufukweni na kuwachunguza samaki wadogo wenye miiba mgongoni aliowafuga katika vyombo vya maji uani kwao. Mwaka 1925, alipomaliza shule ya sekondari, hakuwa na hakika kama anataka kwenda chuo kikuu. Alipelekwa kwa miezi michache katika kituo cha kuchunguza ndege wanaohama cha Rossitten, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Aliporudi, alikuwa amekwishaamua kusomea elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Shahada yake ya udaktari, aliyoipata mwaka 1932, haikuhusu ndege bali nyigu wanaowinda nyuki. Nyigu hao huchimba mashimo mchangani na kuwahifadhi humo nyuki waliowakamata kwa ajili ya chakula cha watoto wao. Tinbergen alijiuliza nyigu anawezaje kurudi kwenye shimo lake miongoni mwa mashimo mengi yanayofanana. Alipanga matunda makavu ya msonobari kuzunguka shimo moja, akamwacha nyigu ayazoee, kisha nyigu alipokwenda kuwinda akayahamishia pembeni kidogo. Nyigu aliporudi alitua katikati ya duara la msonobari, palipokuwa hapana shimo lolote.

Jaribio hilo halikuhitaji maabara wala mashine, nalo lilithibitisha kwamba nyigu huongozwa na alama za mahali anazoziona kwa macho. Andiko lake lilikuwa na kurasa 32 tu, moja ya maandiko mafupi kabisa ya udaktari yaliyowahi kupokewa Leiden. Lakini njia aliyoitumia humo ndiyo aliyoishika maisha yake yote: kumtazama mnyama mahali anapoishi, kubadili kitu kimoja, kisha kusubiri aone mnyama atafanya nini.

Mwaka huo huo wa 1932 alimwoa Elisabeth Rutten, ambaye alijaliwa kupata naye watoto watano. Badala ya fungate ya kawaida, wawili hao walikwenda kuishi zaidi ya mwaka mmoja miongoni mwa Wainuit wa mashariki mwa Greenland, ambako Tinbergen aliwachunguza ndege wa nchi za barafu na mbwa wanaovuta magari ya theluji.

Rafiki wa Austria na miaka ya utekwa

Mwaka 1936 Tinbergen alikutana mjini Leiden na Konrad Lorenz, msomi wa Austria aliyekuwa akifuga mabata bukini nyumbani kwake Altenberg, karibu na Vienna. Mmoja alikuwa mwepesi wa mawazo, mwingine alikuwa mwepesi wa majaribio, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kile alichokipungukiwa.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1937, Tinbergen alihamia Altenberg kwa miezi kadhaa. Huko walichunguza namna bata bukini anavyolirudisha kiotani yai lililobiringika nje. Ndege huyo hunyoosha shingo, huweka mdomo nyuma ya yai na kulivuta taratibu. Walibaini kwamba yai likiondolewa katikati ya kazi, mara nyingi bata huendelea kuvuta hewa tupu mpaka mdomo ufike kiotani. Kitendo kikishaanzishwa na alama ya nje, humalizika chenyewe.

Urafiki huo ulikuja kuwekwa kwenye mizani ya vita. Lorenz alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1938 na kuandika makala zilizoafikiana na itikadi yake ya ubaguzi wa rangi. Tinbergen alisimama upande mwingine. Majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi Mei 1940, na mwaka 1942 wahadhiri wengi wa Leiden, yeye akiwa miongoni mwao, walijiuzulu kupinga hatua za kukiweka chuo chao chini ya matakwa ya Wanazi, zikiwamo za kuwafukuza kazi Wayahudi.

Gharama ya uamuzi huo haikuchelewa kuja. Septemba 1942 alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya mateka ya Sint-Michielsgestel, kusini mwa nchi hiyo. Watu walioshikiliwa huko walikuwa dhamana: wapiganaji wa siri wakiwashambulia Wajerumani, mateka wangeweza kuuawa kulipiza kisasi. Haikuwa tishio tupu. Agosti mwaka huo, wiki chache kabla Tinbergen hajafikishwa kambini, mateka watano walikuwa wamepigwa risasi.

Aliishi katika hali hiyo kwa miaka miwili, hadi Septemba 1944. Akiwa humo aliwaandikia watoto wake hadithi zenye michoro, mojawapo ikiwa ni maisha ya shakwe aitwaye Kleew tangu anapoanguliwa, ambayo ilichapishwa kama kitabu mwaka 1947. Lorenz kwa upande wake alitekwa na Warusi mwaka 1944 na kurejea kwao mwaka 1948. Walikutana tena Cambridge mwaka 1949 na kuurudisha urafiki wao, ingawa Tinbergen alibaki na kumbukumbu chungu za ukaliaji wa Wajerumani kwa muda mrefu.

Doa jekundu mdomoni

Mara baada ya vita Tinbergen alirudi pwani na wanafunzi wake. Kinda wa shakwe anapoanguliwa hulidonoa doa jekundu lililo kwenye mdomo wa mzazi, na mzazi hujibu kwa kucheua chakula. Bila udonoaji huo, kinda hali. Je, mtoto aliyetoka ndani ya yai saa chache tu zilizopita anajuaje pa kudonoa?

Tinbergen alikata vichwa vya shakwe kwa karatasi ngumu, akavipaka rangi na kuwaonyesha makinda kimoja baada ya kingine, huku akihesabu madonoo. Kichwa kisicho na doa kilipata madonoo machache sana. Doa lenye rangi iliyotofautiana na mdomo lilivutia zaidi, na wekundu ulikuwa na nguvu ya pekee. Rangi ya kichwa chenyewe haikuwa na maana kubwa kwa makinda.

Kilichoshangaza zaidi ni kijiti chembamba chekundu chenye mistari mitatu myeupe karibu na ncha. Hakikufanana na shakwe hata kidogo, lakini makinda walikidonoa kuliko kichwa kilichochongwa kwa uangalifu mfano wa mzazi halisi. Kinda hakuwa na picha ya mama akilini mwake. Alikuwa na alama chache tu: kitu chembamba, kirefu, chekundu, kinachocheza mbele ya macho.

Kwa wazazi nako kulikuwa na mambo. Alipoyahamisha mayai sentimita thelathini hivi kutoka kiotani, shakwe aliyerudi mara nyingi aliketi kwenye kiota kitupu huku mayai yake mwenyewe yakionekana pembeni. Mayai ya mbao yaliyopakwa rangi za ajabu yaliatamiwa kama mayai halali. Ndege mwingine wa pwani hiyo, mweusi na mweupe, mwenye mdomo mrefu mwekundu, aliliacha yai lake na kuhangaika kulipanda yai bandia kubwa kupita mwili wake. Alichokishika mzazi ni mahali pa kiota kuliko sura ya yai.

Kwa makinda hali ilikuwa tofauti. Siku za mwanzo mzazi alimpokea kinda yeyote aliyewekwa kiotani. Baada ya siku tano hivi mlango ulifungwa: wake aliwalisha, wa jirani alimshambulia, pengine hadi kumuua. Huo ndio wakati makinda huanza kutembea na kuchanganyikana na wengine.

Shakwe wa magengeni

Mwaka 1949 Tinbergen alifanya jambo ambalo wengi hawakulielewa. Aliacha uprofesa Leiden, akakubali nafasi ya chini zaidi katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Alitaka elimu mpya ya tabia za wanyama isomwe na watu wanaotumia Kiingereza, na aliona njia ni kwenda kuishi kati yao. Vitabu vyake viwili, kimoja cha mwaka 1951 kuhusu silika na kingine cha mwaka 1953 kuhusu maisha ya shakwe, vilimtangaza haraka.

Swali lililobaki lilikuwa hili: kwa nini shakwe amjue kinda wake lakini asilijue yai lake? Jibu lilipatikana kwa kumlinganisha na jamaa yake. Esther Cullen, mwanafunzi wa Tinbergen kutoka Uswisi, alikwenda visiwa vya Farne, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kumchunguza kitiweki, shakwe mdogo anayejenga kiota kwenye vijukwaa vyembamba vya magenge yanayoning'inia juu ya bahari.

Utafiti wake uliochapishwa mwaka 1957 ulionyesha kwamba kitiweki ameacha desturi nyingi za jamaa zake wa nchi kavu. Hujenga kiota chenye shimo la kina kwa matope na majani, mayai yasiporomoke. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, wakati jamaa zake hutaga matatu. Makinda wake hawana rangi ya kujificha, wala hawakimbii hatari inapotokea, kwa kuwa hatua moja ni kifo. Na mzazi wa kitiweki hawezi kumtambua mtoto wake kwa wiki kadhaa. Mgeni akiwekwa kiotani, hulishwa kama mwenyeji.

Hapo fumbo lilifumbuka. Yai halitembei, hivyo mzazi anayekijua kiota chake analijua pia yai lake. Kinda wa mchangani hutembea, hivyo lazima ajulikane yeye mwenyewe kabla hajapotelea kwa majirani. Kinda wa gengeni hatembei, hivyo mahali panatosha. Ndege hutambua kile ambacho maisha yake yanamlazimu kukitambua, na hapo ndipo utambuzi wake unapokoma.

Ganda la yai na mbweha wa Ravenglass

Kazi nyingine iliyompa Tinbergen sifa ilifanyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Ravenglass, pwani ya kaskazini magharibi mwa Uingereza, kwenye makazi makubwa ya shakwe wenye vichwa vyeusi. Yai likishaanguliwa, mzazi hulichukua ganda kwa mdomo na kwenda kulitupa mbali. Kazi hiyo huchukua muda mfupi mno, lakini humwacha kinda peke yake. Lazima pawe na faida inayozidi hatari hiyo.

Ganda la yai kwa nje lina madoa ya rangi ya udongo, lakini ndani ni jeupe na huonekana kwa mbali. Tinbergen na wenzake walitawanya mayai mchangani, mengine yakiwa karibu na maganda yaliyovunjika, mengine mbali nayo, kisha wakawaachia kunguru na shakwe wakubwa. Ganda lilipokuwa umbali wa sentimita 15, asilimia 42 ya mayai yaliliwa. Lilipokuwa umbali wa sentimita 200, ni asilimia 21 tu. Kitendo cha sekunde chache kilikuwa kinaokoa uhai.

Hata hivyo, shakwe hao hawaondoi ganda mara moja. Husubiri kwanza mtoto akauke manyoya. Sababu ni kwamba kinda mbichi mwenye majimaji humezwa kwa urahisi na shakwe wa jirani, na mzazi akiondoka mapema anaweza kurudi asimkute. Hivyo desturi moja ndogo ilikuwa imepimwa kati ya adui wa nje na adui wa mtaani.

Mwaka 1963 Tinbergen aliyakusanya mawazo yake katika makala iliyotenga maswali manne ambayo kila mchunguzi wa wanyama anapaswa kujiuliza: kitendo kinasababishwa na nini, kinakuaje katika maisha ya mnyama, kina faida gani katika kuokoka kwake, na kilitokeaje katika historia ndefu ya aina yake. Maswali hayo manne bado yanafundishwa vyuoni.

Kutoka pwani ya Ravenglass hadi Serengeti

Miongoni mwa vijana waliofanya naye kazi Ravenglass alikuwamo Hans Kruuk, Mholanzi aliyechunguza namna mbweha na wanyama wengine wanavyowaua shakwe. Mwaka 1964 Kruuk alihamia Tanzania na kuwafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro usiku na mchana. Kitabu chake cha mwaka 1972 kiliwaonyesha wasomi kwamba fisi, aliyedharauliwa kama mla mizoga, huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba ndani ya Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyempora fisi.

Tinbergen mwenyewe alishiriki katika juhudi za kuianzisha Taasisi ya Utafiti ya Serengeti katika miaka ya 1960. Kwa njia hiyo, mbinu iliyozaliwa katika matuta ya mchanga ya Uholanzi ilitumika pia katika nyika za Afrika Mashariki: keti chini, tazama kwa subira, usiamini masimulizi kabla hujahesabu.

Nobel na kosa la uzeeni

Mwaka 1969 filamu aliyoitengeneza na Hugh Falkus kuhusu lugha ya ishara ya shakwe wa kisiwa cha Walney ilishinda Tuzo ya Italia. Mwaka 1973 ikaja Nobel ya tiba, aliyoipata pamoja na Lorenz na Karl von Frisch, mchunguzi wa nyuki. Ndugu wawili wa tumbo moja, Jan na Niko, wakawa wote wamepata heshima hiyo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sehemu kubwa ya hotuba yake ya Nobel hakuitumia kwa shakwe, bali kwa watoto wenye usonji. Yeye na mkewe waliamini kwamba hali hiyo hutokana kwa kiasi kikubwa na kuvurugika kwa uhusiano wa mama na mtoto, na kwamba inaweza kuponywa kwa kuurekebisha. Waliendeleza hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 1983. Wataalamu wengi waliipinga, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba usonji una mizizi mikubwa katika urithi wa kibaiolojia.

Madhara yake hayakuishia vitabuni. Akina mama waliokwisha kubebeshwa lawama na nadharia za namna hiyo walizisikia sasa zikipewa uzito na mshindi wa Nobel. Mtu aliyewahesabia makinda kila donoo kabla ya kutoa hukumu hakuwapatia watoto hao majaribio ya kiwango kile kile.

Nayo habari ya doa jekundu ilikuja kukaguliwa. Mwaka 2009 Carel ten Cate wa Chuo Kikuu cha Leiden alionyesha kwamba matokeo ya kwanza hayakuwa manyoofu kama yalivyosimuliwa baadaye. Kichwa chenye doa jekundu kilikuwa kimeonyeshwa mara nyingi kuliko vingine, makinda wakakizoea, naye Tinbergen akafanya hesabu ya kusawazisha tofauti hiyo. Katika masimulizi yaliyofuata, habari ya marekebisho hayo ilitoweka. Jaribio liliporudiwa kwa utaratibu ulio sawa kwa rangi zote, wekundu uliibuka tena mshindi. Tinbergen alikuwa sahihi kuhusu shakwe, na mbinu yake mwenyewe ndiyo iliyotumika kumkagua.

Maisha yake ya ndani hayakuwa mepesi. Alisumbuliwa na sonona kwa vipindi virefu, na mwaka 1955 alimpoteza mdogo wake Luuk, aliyekuwa naye mchunguzi wa ndege, kwa kujiua. Alistaafu Oxford mwaka 1974, akabaki akiishi katika mji huo.

Niko Tinbergen alifariki dunia kwa kiharusi Desemba 21, 1988, akiwa na umri wa miaka 81. Baadhi ya wanafunzi wake, kama Desmond Morris na Richard Dawkins, walikuja kujulikana duniani kote kwa vitabu vyao. Wengine walibaki kwenye magenge, matuta na nyika, wakiendelea kuwauliza wanyama maswali kwa vipande vya karatasi, rangi na subira, jinsi mwalimu wao alivyowafundisha.